Saa Elfu za Bamba Namba Saba

Jumatatu, 10 Februari
Saa ya 900! Bamba namba saba, chuma changu cha pua, bado linang'aa ndani ya mtambo wa kupasulia maji kwa umeme tupate hidrojeni. Likifika saa 1,000 Ijumaa jioni bila kutu, tunaachana na madini ya titani na bei yake ya kichaa. Likishindwa, Profesa Thivierge anafunga mradi, nami narudi Rimouski kwa mama.
Kichujio cha maji kimekufa — tena! Nimemwambia mzee Réjean, fundi wetu, akachote maji yaliyopimwa jengo la pili.

Jumanne, 11 Februari
Maji ya mtambo yamekuwa ya rangi ya chai. Chai! Nimeyapima: chumvi tele, na chumvi hula chuma. Jamani, chumvi imetoka wapi?

Jumatano, 12 Februari
Réjean! Kumbe hakwenda jengo la pili, eti baridi kali. Kayeyusha theluji akajazia tangi. "Maryse, binti yangu, hakuna maji safi kama ya theluji. Mama alikuwa akiyatia kwenye pasi ya mvuke, haikuziba hata siku moja."
Theluji ya wapi? Ya maegesho ya magari! Panapomwagwa chumvi kila asubuhi kuyeyusha barafu, watu wasiteleze!
Nimempigia kelele mpaka koo limekauka. Miaka thelathini na nne kazini! Kwa sheria za hapa, atiaye maji yasiyopimwa anafukuzwa siku hiyo hiyo. Na anastaafu Aprili. Kashika kofia tu mkononi. Nimeona aibu, halafu nikakasirika zaidi kwa kuona aibu.

Alhamisi, 13 Februari
Nizime mtambo? Sizimi. Bamba limeshaharibika, liharibike nini tena? Sina hamu hata ya supu ya mbaazi.

Ijumaa, 14 Februari
Saa 1,000. Nimefungua mtambo huku nimefumba jicho moja. Kutu kila mahali — ya boliti! Boliti za bei rahisi! Nimelifuta bamba kwa kitambaa: halina hata doa. Siku nne ndani ya chumvi! Hakuna kati yetu aliyethubutu kulijaribu hivyo. Nimecheka peke yangu, nimelia kidogo.
Profesa kwenye simu alikuwa akipiga mayowe ya furaha. Mradi unaendelea! Halafu, palepale: niandike taarifa sasa hivi, kila hatua, na jina la aliyetia chumvi.
Nimeandika: Réjean. Nimefuta. Nimeandika: mimi. Nimefuta. Ah!
Mzee yuko mlangoni, koti keshavaa. Anauliza kama nimeshamaliza kuandika hiyo taarifa.