Muwa wa Vipande Vidogo

Sigalagala, 6 Mei 2024

Baba mpendwa,

Natumai goti halikusumbui kwenye palizi ya miwa. Mimi ni mzima, ila taya. Linalia "ko" nikitafuna, na jana liligoma kufunguka, hata ugali, obusuma wetu, umenishinda. Kuongea kwa simu kunaniuma, ndiyo maana nimempa jirani yetu Andati barua hii ailete. Usiogope.

Mwanao, Gentrix

Musanda, 8 Mei

Mwanangu Gentrix,

Nyumbani ni salama, ng'ombe amezaa. Lakini nisiogope vipi? Mama yako alianza hivyo hivyo. Alisema, "Baba Gentrix, mdomo umekataa chakula." Nikamtania, "Basi leo nitapumzika kusikia maneno yako." Kumbe pepopunda. Jembe lilikuwa limemkata mguuni, akaficha jeraha ndani ya gambuti asinisumbue.

Je, umechomwa na chuma hapo karakana ya chuo? Nenda hospitali leo.

Baba yako

Sigalagala, 10 Mei

Baba,

Shikamoo. Sina jeraha, na sindano ya pepopunda nilichomwa mwaka jana. Daktari anasema siyo hiyo. Ila ameniuliza jambo ambalo siwezi kukuandikia wewe. Nitamwambia shangazi Navalayo akirudi kutoka Lugari.

Gentrix

Musanda, 11 Mei

Gentrix, mama,

Tangu barua yako ifike sijala. Ni jambo gani dada yangu alisikie, na mimi niliyekusuka nywele tangu tumzike mama yako nisilisikie? Mama yako pia alisema ni kitu kidogo. Niandikie. Heri aibu kuliko jeneza.

Baba

Sigalagala, 14 Mei

Baba,

Nisamehe, naandika nikiona haya. Taya hushikana hedhi ikikaribia, kisha huachia. Daktari anasema homoni za kike hupanda na kushuka kila mwezi, na zikishuka kiungo cha taya kinaweza kuuma zaidi. Huenda ndiyo sababu wanawake huugua hivi zaidi kuliko wanaume, ingawa wataalamu bado wanachunguza. Ameniambia nilikande kwa kitambaa cha moto, nile vitu laini.

Anauliza kama mama alikuwa hivi. Wa kumuuliza umebaki wewe tu.

Gentrix

Musanda, 16 Mei

Mwanangu,

Nimeisomea nyuma ya zizi. Asante kwa kuniambia.

Ndiyo. Kila mwezi zilikuwepo siku chache ambazo mama yako aliniletea muwa na kisu. Namenya, nakata vipande vidogo kama vya mtoto, anafyonza akiegemea mlango. Sikuuliza, naye hakusema. Hata ile wiki ya mwisho alileta muwa, nami nikakata, nikidhani ni zile siku zake tu.

Kwa hiyo namwamini daktari, na bado naogopa. Kila mwezi taya likiachia, nitumie neno moja kwa simu: nimetafuna. Mpaka lifike, sitavua viatu, niwe tayari kuja huko.

Baba yako, Cleophas