Mguu Wangu Juu ya Klachi

Jumatatu, 14 Julai 2008. Al Khuwair, kabla ya magharibi.

Joto la leo limechanganyika na unyevu tangu alfajiri. Vioo vya dirisha vinatoka jasho kwa nje na kiyoyozi kinanguruma bila ya faida. Naandika huku miguu yangu imenyooshwa juu ya kiti kilicho mbele yangu, ili niione.

Naogopa. Nimeliandika neno hili mapema nisije nikalizunguka mpaka mwisho wa ukurasa.

Alhamisi iliyopita mimi na mke wangu, Bi Zuwena, tulikuwa tunarudi kutoka Yiti, kijiji cha pwani, kwa dada yake. Nyuma ya gari kulikuwa na sanduku la samaki lenye barafu, na katikati yetu chupa ya chai. Wanaoijua njia ile wanaujua mlima wake: unapanda baina ya majabali, unapinda, kisha unapanda tena. Gari langu ni la dizeli, la gia za mkono, na mlima ule limeupanda mara nyingi bila ya malalamiko. Safari hii injini ilinguruma kwa nguvu lakini mwendo ulipungua. Nikashuka gia ya pili, kisha ya kwanza. Kukaja harufu ya kitu kinachoungua.

Gari likasimama. Nikakanyaga breki, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi, nikaongeza mafuta, nikaachia breki, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Injini ikapiga kelele. Gari likaenda kinyumenyume.

"Gari inarudi! Baba Nasri, gari inarudi!"

Bi Zuwena si mwanamke wa kupiga ukelele. Nilikanyaga breki kwa mguu wa kulia, likasimama, na gurudumu la nyuma limegota kwenye mawe yaliyopangwa ukingoni mwa barabara. Baada ya mawe yale hakuna kitu mpaka chini bondeni. Yeye alikuwa anasoma dua na mimi nilikuwa namlaumu fundi moyoni mwangu.

Klachi ile ilikuwa mpya. Hata mwaka haujatimia.

Hapa sina budi kueleza jambo la mwaka jana. Klachi ya kwanza ilipokufa mapema, nilimtuhumu mwanangu, Nasri, ambaye aliliazima gari langu kwenda kwenye arusi ya rafiki yake. Nilimweka kitako barazani mbele ya mke wake, nikamsomesha kama mtoto wa skuli. Nilimwambia kwamba mtu anayepumzisha mguu wake juu ya klachi anaichoma kidogo kidogo bila ya kujua, na kwamba vijana wa siku hizi hawana subira wala adabu na vyombo vya watu.

"Baba, mie nimeliendesha mara mbili tu," alisema.

"Na mara mbili zimetosha," nilimjibu.

Tangu siku ile hajaugusa ufunguo wangu. Anakuja kila Ijumaa, anaubusu mkono wangu, anakula, anaondoka katika gari lake la otomatiki, ambalo mimi huliita kiti cha mgonjwa.

Alhamisi ile ile gari lilikokotwa mpaka mtaa wa Ghala, kwenye gereji ya Sefu, Muomani mwenzetu aliyezaliwa Tabora, si Unguja kama mimi, na ambaye Kiswahili chake cha bara hakijabadilika hata chembe. Leo asubuhi nilikwenda kulichukua. Nilikuwa nimejitayarisha kugombana, kwa sababu klachi ile aliifunga yeye.

Sefu hakugombana. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akaniletea pleti ya zamani ya klachi juu ya kipande cha gazeti. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, inang'aa kama kioo, na bado inanuka.

"Mzee wangu, hii haikufa kwa uzee. Hii imechomwa. Nani mwingine anaendesha?"

"Hakuna. Ni mimi peke yangu."

Aliigeuza pleti juu ya gazeti. Kisha akacheka kidogo, kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. "Nyinyi watu wa Unguja bwana! Barabara zenu fupi, hata gia ya nne mnaisikia kwa watu. Twende tukaijaribu. Endesha wewe, mimi nikae pembeni."

Tukazunguka barabara za Ghala. Nilitia gia ya tatu, nikatia ya nne. Gari lilikwenda vizuri, na nikaanza kujisikia mtu tena.

"Mzee, toa mguu kwenye klachi."

"Nimeshautoa."

"Utoe, mzee wangu."

"Nnakwambia nimeutoa!"

"Haya. Tazama chini."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa naendesha gari kabla yeye hajaachishwa ziwa. Nikatazama.

Mguu ulikuwa juu ya klachi.

Ulikuwa umelala pale na ndara yake, umeikandamiza kidogo, umetulia, kama mguu wa mtu mwingine aliyekaa kwenye kiti changu. Niliuamuru uondoke, ukaondoka. Baada ya muda mfupi nikatazama tena. Ulikuwa umerudi, na mimi sikupata khabari yoyote.

Tulipofika gerejini Sefu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sukari unayo, mzee?" Nikamjibu kwamba ninayo, miaka saba sasa. Akasema kwamba mama yake alianza hivyo hivyo, kisha akaenda kuwafokea mafundi wake kuhusu spana.

Sikumwomba mtu anirejeshe nyumbani. Ni kosa, na nakiri. Nilirudi kwa njia za ndani, polepole, magari yakinipigia honi. Nikiutazama mguu, siioni njia. Nikiitazama njia, sijui mguu uko wapi. Karibu na mzunguko mmoja wa barabara nilikaribia kuligonga gari lililosimama mbele yangu. Ndani yake walikuwamo watoto, na mmoja wao alikuwa amegeuka ananitazama kupitia kioo cha nyuma.

Tangu nilipoingia nyumbani nakumbuka mambo ambayo sikuyatia maanani.

Nakumbuka ua wa msikiti wetu, siku za Ijumaa katika miezi hii. Jua la adhuhuri likiyapiga yale marumaru, watu wakitoka huruka kwenda kutafuta viatu vyao, vijana na watu wazima, wote wanarukaruka na kucheka. Mimi nilikuwa natembea. Taratibu, mgongo umenyooka, kanzu yangu haikunjiki. Kijana mmoja alinisifu, "Mzee, una miguu ya chuma!" Nilifurahi. Niliona kwamba hiyo ndiyo heshima, kwamba mtu aliyelelewa vizuri haruki kama panzi kwa sababu ya joto la sakafu.

Sikuwa na heshima yoyote pale. Nilikuwa siuhisi moto.

Na nakumbuka daktari wangu wa sukari. Kila miezi mitatu huniuliza kama miguu inakufa ganzi, na kila mara nimemjibu kwa fakhari kwamba haina kasoro. Sikusema uongo. Ila sasa najiuliza: mtu asiyehisi, atahisi vipi kwamba hahisi?

Baada ya sala ya alasiri nilimwita Bi Zuwena. Nilikuwa nimekaa kitandani, miguu inaning'inia. Sikumweleza kitu. Nilimpa kokwa ya tende niliyoitoa kwenye sahani.

"Unataka nini, bwana?"

"Nitafumba macho. Wewe nichome kwa ncha yake, miguuni, popote utakapo. Mimi nitakwambia ni wapi."

"Yarabi! Uzee huu ndio unataka michezo?"

"Zuwena, nichome."

Nilifumba macho. Nikamsikia anakaa chini, goti lake likilia kama kawaida. Nikasikia bangili zake. Kisha kimya. Nikangoja. Nilidhani anaona haya, au anacheka na hataki nimsikie.

"Anza basi," nikamwambia.

Nikafumbua macho. Alikuwa ameushika mguu wangu wa kushoto kwa mkono mmoja, na wayo mzima ulikuwa na alama nyekundu, kutoka kisiginoni mpaka vidoleni.

"Nimeanza zamani," alisema.

Kisha akauchukua mguu wa kulia, bila ya mimi kumwambia. Nilifumba tena. Safari hii nilimsikia, alhamdulillahi, lakini kwa mbali, kama mtu anayenigusa juu ya soksi nene. Nami sikuvaa soksi.

Mguu wa kushoto ni wa klachi. Mguu wa kulia ni wa breki.

Kuhusu klachi, kosa langu limeunguza pleti mbili na limemdhulumu mwanangu. Lakini Alhamisi, pale mlimani, kilichotuzuia tusianguke bondeni ni mguu huu wa kulia, ambao nao unaanza kwenda zake. Na Alhamisi ijayo tulikuwa tumchukue mjukuu wetu, binti yake Nasri, tumpeleke Yiti akacheze na wenzake ufukweni. Angekaa nyuma, mahali pale palipokuwa na sanduku la samaki.

Bi Zuwena bado hajasimama. Amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, na kokwa ile ameifumbata mkononi. Hajanilaumu. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Nimempigia simu Nasri. Niliyapanga maneno yangu kabla, kama ninavyopanga kila kitu, lakini yalipotoka hayakuwa na mpango. Nilimwambia, "Klachi ya mwaka jana hukuiua wewe, niliiua mimi." Akauliza jambo moja tu: "Baba, ufunguo uko wapi?"

"Mezani."

"Nnakuja. Usiuguse."

Amenijibu kwa ukali wangu mwenyewe.

Kesho asubuhi atanipeleka hospitali kwa kile kiti chake cha mgonjwa. Nitakaa upande wa abiria na miguu yangu yote miwili sakafuni, na sitaitazama njia. Nitaitazama miguu.