Muwagenia Mwenye Kununua Samaki

Bibiche, unaamini? Babu Lambert analia. Babu! Nilimuuliza tu alikuwa anafanya kazi gani mbele ya kuingia polisi.

Bon, sikia. Mwaka 1957 commissaire muzungu wa polisi aliita watu wote wa mji, akasoma kazi za zamani za wakubwa wapya wa polisi. Mumoja alikuwa soldat wa jeshi, mumoja karani. Ikafika babu, sergent mupya: «Muvuvi wa Wagenia, watu wa mitego ya maporomoko.»

Babu akatafuta macho ya ndugu zake katikati ya watu. Zacharie, kaka yake mwenyewe, akapaza sauti: «Muvuvi? Mutego wake iko wapi?»

Mutego wake iko wapi! Kumbe siku babu alivaa uniforme, ndugu zake walipatia mutu mwingine nafasi yake ya kutega samaki kwenye maporomoko. Hakuna aliyemwambia.

Unakumbuka vile tunamuchekaka, Muwagenia anaendaka sokoni kununua samaki?

Hakuna ndugu mwenye kumuletea samaki, Bibiche. Tangu siku ile ya uniforme.