Karani Asikiliza Hadithi Yangu

Jumanne

Hatimaye wanawake wa huku Magwagwa tumepata mtetezi! Ni karani wa kituo cha majani chai, yule ambaye hawezi kupima kikapu changu bila kunishika kiuno.

Leo kwenye foleni, jirani yangu Mama Nyaboke alifungulia kwenye simu hadithi niliyorekodi na kikundi cha akina mama kuhusu wanaume wanaotushika ovyo. Sauti yangu waliibadilisha, jina hakuna. Karani alisikiliza akitikisa kichwa kama shemasi. "Wanaume wengine ni wanyama kabisa," akasema. Amina.

Halafu hadithi ikafika kwenye mizani na kiuno. Kalamu yake ikasimama.

"Huyo mama ni wa wapi?"

Niliinamia kikapu changu. Akijua ni mimi, kila siku atanirudishia majani, ati ni mabaya.

"Ni mimi," akasema Mama Nyaboke. Anakaribia miaka sitini, na hata hajui ile sauti ni ya nani.

"Ni mimi," akasema Kerubo nyuma yake. Kisha mwingine. Na mwingine.

Karani alitupimia sote majani mkono mmoja ukiwa mfukoni, akituita "mama" kwa heshima mpya kabisa.

Kwenye foleni nzima, aliyenyamaza ni mmoja tu: mimi mwenye hadithi.