Baiskeli ya Dada Inarudi

Kibandani kwa Fundi Viatu,
Kando ya barabara kuu, mkabala na kituo cha mafuta,
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa dada,

Pokea salamu za mdogo wako kabla hujaikunja barua hii kwa hasira. U hali gani? Goti linaendeleaje? Watoto wazima? Na shemeji, bado anakoroma hadi majirani wanalalamika? Mimi ni mzima, ila makalio yanauma na mgongo si wangu tena. Sababu utaiona hapa chini.

Niko njiani, dada. Nakuletea baiskeli yako. Nimeiendesha siku sita na zimebaki mbili.

Niliiazima kwa wiki mbili ili nikatafute kazi, nikakaa nayo miaka sita. Sina cha kujitetea. Mwaka wa kwanza nilijiambia kwamba kazini ni mbali na chumba nilichopanga. Baada ya hapo niliona haya, na haya zikazidi kila mwezi niliochelewa. Barua yako ya mwisho ilikuwa na maneno mawili tu: "Kaa nayo." Nimeyasoma mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichowahi kushika shuleni, na hadi leo sijui kama ulikuwa umenisamehe au umenitupa.

Shangazi ndiye aliyeniandikia habari za goti. Kwamba unatoka alfajiri kwenda kuwasha moto jikoni mwa shule, unarudi jioni ukichechemea, na muuguzi amekukataza kutembea mwendo mrefu. Nilikuwa nimekaa juu ya rundo la nondo nakula mkate. Sikuumaliza. Jengo letu limefika kwenye paa, na sisi wafunga nondo tumepewa majuma matatu ya kupumzika. Kesho yake nilifunga mzigo kwenye keria.

Nimechekwa sana njiani. Mwanamume mzima, mikono imejaa sugu, juu ya baiskeli ya kike yenye kikapu mbele. Nimezoea.

Siku ya pili siti ilivunjika ikaniacha nimekalia chuma. Mama mmoja mwenye mashine ya kusaga, unga umempanda hadi kwenye kope, akaniita kivulini. Aliuliza kama baiskeli ni ya mke wangu. Nikamwambia ni ya dada.

"Anajua unayo?"

"Anajua. Miaka sita sasa."

Alinitazama kidogo. "Basi huyo dada yako ana miguu," akasema, akaingia stoo, akatoka na siti ya marehemu mumewe. Akaipangusa kwa upindo wa nguo yake. Alisema imekaa bure muda mrefu. Nilivyomwona akiipangusa, dada, haikuwa imekaa bure.

Siku ya nne nilikwama kwenye daraja linalotengenezwa. Magari yanapita upande mmoja tu, na malori yalikuwa yakinibana kwenye ukingo hata nikarudi nyuma mara mbili. Msichana anayeshika bendera aliniuliza naenda wapi kwa mwendo huo wa konokono. Nikamweleza. Akasimamisha magari ya pande zote mbili, nikavuka peke yangu kama kiongozi wa nchi. Madereva walinipigia honi wakautukana ukoo mzima, na wewe ukiwemo, samahani. Yeye aliwajibu taratibu kwamba wangoje, mtu anarudisha kitu cha watu.

Jana nilijiharibia mwenyewe. Tairi la nyuma lilichanika ubavuni. Mimi najua kufunga nondo, basi nikatoa waya wangu na koleo, nikalifunga tairi vifundo vinane, safi kabisa, hata msimamizi wetu angenisifu. Kazini tumefundishwa kwamba ncha za waya zielekee ndani, zisije zikachomoza kwenye zege. Nami nikazielekeza ndani. Hatua mia moja hazikufika, tyubu ikatoboka matundu manane.

Niliisukuma hadi kwa huyu fundi viatu. Alipofungua tairi akaona vile vifundo, alicheka hadi akavua miwani. "Wewe umejenga nyumba humu," akasema. "Umesahau kuweka madirisha tu."

Halafu akaacha viatu vya watu. Alikata kipande cha ngozi kutoka kiatu kikuukuu, akakibandika kwa ndani, akalishona tairi kwa uzi wa viatu, mshono juu ya mshono, nusu siku nzima. Matundu ya tyubu akayaziba moja moja, kila moja akiniuliza habari zako. Nilipomaliza kumsimulia, akauliza kama unajua kuwa naja. Nikasema hapana, nataka nikushtukize.

Hapo hakucheka. "Mwandikie," akasema. "Mpe muda wa kukasirika kabla hujafika. Ukimtokea ghafla atalazimika kukuchekea mbele za watu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Ni kweli nilitaka nikukute mbele ya watoto, ushindwe kunigombeza. Basi amenipa karatasi hizi na kona ya meza yake. Dereva anayemletea ngozi atapita na barua hii shuleni kwenu kesho asubuhi, mimi nitafika Ijumaa jioni. Una siku nzima na zaidi. Kasirika vizuri, dada, usinibakizie.

Nikuambie ukweli mwingine usije ukashangaa. Kilichobaki chako hasa ni fremu, kikapu na kengele. Vingine, vya siku hizi sita na vya miaka ile, vimetoka kwa watu ambao hata sitawaona tena. Hakuna hata mmoja aliyenijua, na hakuna aliyeniuliza kama nastahili. Milango yao niliigonga bila woga. Wa kwako ndio ninaouogopa.

Ukiichukua baiskeli ukanigeuzia mgongo, sitabishana. Nitarudi kwa miguu mpaka nitakapopata lori, nijue ulivyokuwa ukitembea. Lakini kama yale maneno mawili yalikuwa ya huruma, niambie tu mwenyewe kwa mdomo wako, nipumzike.

Nisalimie shangazi, mwambie barua yake ndiyo iliyonitoa. Nisalimie mama mdogo, shemeji, na mwanao wa mwisho, yule Kinyonga aliyekuwa hataki kushuka kwenye keria. Sijui kama ananikumbuka.

Jambo la mwisho. Boliti ya siti imekwisha meno, na fundi anasema itakaza mara moja tu, ikilegezwa tena haitashika. Akaniuliza aikaze kwa kimo cha nani. Nikampimia kwa mkono, pale siti ilipokuwa ikikufikia kiunoni zamani, uliposimama kando yake ukiningoja. Ameshaikaza. Siku hizi mbili nitaendesha magoti yakigonga usukani, na watakaonicheka wacheke.

Mungu akupe nafuu ya goti, na moyo mwepesi kufikia Ijumaa.

Ni mimi nikupendaye, niliyechelewa,
Mdogo wako.