Vimea Viwili vya Korongo la Kikole

Jumatatu, 7 Machi
Chai, kisha lenzi. Vimea viwili mezani, bapa, kijani, havina ua wala mbegu. Cha kwanza kina vikombe vidogo mgongoni. Kipo kila kisima, kila mtaro wa hapa Kilwa. Hakimo hatarini. Cha pili hakina vikombe, na tumboni ni zambarau. Nimekikuta korongo la Kikole tu, kwenye miamba mitatu yenye kivuli. Kwenye kadi nimeandika: hatarini.

Jumatano, 9 Machi
Mfanyabiashara wa mbao ameomba kibali cha kuvuna miti ya korongo. Siku hizi kila kitu ruksa. Ila kikao cha kibali kitaisikiliza kwanza ofisi yetu ya mimea, na msemaji ni bosi wangu, Mzee Mponda. Nimetulia. Ndiye aliyenifundisha kazi: vikikauka vinajikunja, vyote vinakuwa kama majani ya chai. Tia tone la maji, subiri vifunguke, ndipo ulinganishe.

Ijumaa, 11 Machi
Nimempa Mzee pakiti zote mbili za vimea. Na kichupa cha maji. Amecheka. "Hata hilo wanikumbusha, binti?"

Jumanne, 15 Machi
Kikao. Mzee amevimimina kwenye karatasi, vikavu. Kichupa hakukitoa mfukoni. Wajumbe wamepokezana karatasi, wametikisa vichwa. Amewaambia ni kimea kimoja, kile cha visimani. Nimesimama. "Kaa chini, binti." Nimekaa. Najichukia kwa kukaa. Kibali kimepita kabla ya adhuhuri.

Alhamisi, 17 Machi
Sasa naelewa. Jina la Mzee lilikuwa kwenye orodha ya wanaopunguzwa kazini. Mwezi ujao anakuwa msimamizi wa mashine ya mbao ya mfanyabiashara yule yule. Angeniambia anaogopa, ningelia naye. Lakini ametumia somo alilonipa mwenyewe. Msaliti. Sina neno lingine.

Jumamosi, 11 Juni
Kikole. Miti chini, jua limefika kwenye miamba. Nimevimwagia maji vimea vilivyokauka. Nimesubiri saa nzima. Hakuna kilichofunguka.

Jumapili, 12 Juni
Sokoni nimekutana na Mzee Mponda. Amesimama, anangoja nimwamkie kama miaka yote. Nimemtazama tu. Mwisho ameanza yeye, kwa sauti ndogo: "Hujambo, binti."
Sijambo, nimesema. Nimenunua mihogo, nimerudi nyumbani.