Kitambaa cha Mama Mkwe Juu ya Feni

Mpendwa bibi yetu Jaja Docus, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, mimi ni Exaucée wa mtaa wa Bwaise, naishi na mume wangu Josias na mama yake, Mama Nabintu, tulitoka naye Bukavu, na kazi yangu ni kusikiliza mahojiano ya watu na kuyaandika kwenye laptopu, sasa laptopu ikawa inachemka mpaka inajizima katikati ya neno, Josias akaninunulia kibao chenye feni mbili cha kuweka chini yake, tukafurahi, kumbe mama mkwe naye alikuwa anafuma kitambaa cheupe chenye maua, akakitandika juu ya zile feni akasema, "Mwanangu, vumbi la hapa litaingia ndani, na kitu cha maana hakikai uchi," nikasema asante mama, na tangu siku hiyo laptopu inajizima kama zamani, Josias anasema feni ni feki, mwenye kazi anasema nikichelewa tena Ijumaa kazi atampa mwingine, na mimi najua ni kitambaa, lakini amekifuma wiki mbili na macho yake mabovu, nikikitoa ataona nimemtoa yeye, nifanyeje Jaja?

Jaja Docus anajibu:

Exaucée, ugonjwa unaujua, dawa unaijua, halafu unamwandikia mwanamke mzee wa Naguru akushikie kijiko. Haya.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, na laptopu sijawahi kuigusa. Lakini uji naujua. Nani anapuliza uji huku amefunika kikombe? Na huyo Josias unamwacha aitukane feni nzima bure, wewe umekaa kimya. Huo ni uongo, hata kama mdomo hukufungua.

Mama mkwe wako si mjinga. Mimi pia nafuma. Kwangu kila kitu kina nguo, redio, viti, mpaka jerikeni la maji ya kunywa. Mtu aliyefika hapa bila kitu ametafuta pa kuweka mkono wake katika kazi yako. Pole, nakuelewa. Ila heshima si kunyamaza mpaka kazi ife.

Basi usikitoe wewe. Leo hii sogeza laptopu pembeni bila kuchomoa waya wa feni, acha kitambaa palepale, washa feni, umwite: "Mama, weka mkono hapa." Kisha akiinue mwenyewe, aweke mkono tena. Wewe nyamaza, usimhubirie. Upepo utamwambia.

Akishakitoa, mwombe kiwe cha kufunika laptopu ikiwa imezimwa na imepoa. Kwa vumbi yeye ana haki, tena wewe hujasafisha matundu ya chini ya laptopu tangu lini? Zima, chukua mswaki mkavu, sugua polepole. Fanyia kazi mezani, kitandani ni pa kulala. Na Josias aambiwe ukweli kabla hajala.

Mama akikataa kukitoa, mlete kwangu Naguru. Nitampa uji wa moto kwenye kikombe kilichofunikwa, tuone atapuliza wapi.